Waliofanya kazi bila jina

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: ukiwaweka kando Martin Luther King na Rosa Parks, ni nani katika harakati za haki za raia za kusini mwa Marekani aliyestahili kujulikana na hajulikani, na imekuwaje? Nitaanza na nusu ya pili ya swali, maana hapo ndipo penye utata. Wanawake wengi wa harakati zile hawakupotea kwenye historia kwa bahati mbaya. Wapo waliolificha jina lao wenyewe kwa sababu lingewaponza. Wapo pia waliofichwa na watu wa upande wao. Mambo haya mawili huwa yanachanganywa, nami naona yana uzito tofauti kabisa.

Jo Ann Robinson alikuwa akifundisha Kiingereza katika chuo cha Alabama State, mjini Montgomery. Alifika huko mwaka 1949, na kabla mwaka haujaisha dereva wa basi alimfokea kwa kukaa mbele ya basi lililokuwa karibu tupu. Alishuka akilia. Baadaye akawa mwenyekiti wa Women's Political Council, chama cha wanawake weusi kilichoanzishwa mwaka 1946 na mwalimu mwenzake, Mary Fair Burks. Tarehe 21 Mei 1954, siku nne tu baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuharamisha ubaguzi mashuleni, Robinson alimwandikia meya W. A. Gayle barua ya heshima, lakini yenye meno: robo tatu ya abiria wa mabasi ni watu weusi, na tayari vyama vingi vinazungumzia kuyasusia. Rosa Parks alikamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti cha basi Desemba ya mwaka uliofuata. Kwa hiyo, mgomo wa mabasi ulikuwa umeshafikiriwa na kutajwa kwa maandishi mwaka mmoja na nusu kabla ya tukio ambalo tumezoea kuambiwa kwamba ndilo lililouzaa.

Usiku wa tarehe 1 Desemba 1955, baada ya kupata habari za Parks, Robinson aliingia chuoni na mwenzake mmoja na wanafunzi wawili, wakakesha kwenye mashine ya kurudufu. Alfajiri walikuwa na makumi ya maelfu ya vipeperushi vilivyokwisha kukatwa na kufungwa mafungu. Kipeperushi kilisema mwanamke mwingine mweusi amekamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti, kikakumbusha kesi ya Claudette Colvin, msichana aliyekamatwa mapema mwaka huo, kikawaomba watu wasipande basi siku ya Jumatatu. Hakikuwa na sahihi ya mtu yeyote. Karatasi na mashine vilikuwa mali ya chuo cha serikali ya jimbo, serikali ileile iliyokuwa ikiulinda ubaguzi, na mkuu wa chuo alipomwita, Robinson aliahidi kuzilipia karatasi. Wachungaji walipokutana Ijumaa jioni, tangazo lilikuwa limeshaenea mjini. King alichaguliwa kuongoza mgomo Jumatatu alasiri, mabasi yakiwa yametembea karibu matupu tangu asubuhi. Simsemi vibaya King. Kazi aliyokabidhiwa aliiweza. Ila alikabidhiwa gari lililokwisha kuwashwa.

Usiri huo haukumkinga Robinson mwenyewe: dirisha lake lilivunjwa kwa jiwe na gari lake likamwagiwa tindikali. Mwaka 1960 aliacha kazi chuoni na kuondoka Montgomery.

Mgomo uliendelea kwa siku 381, na hapo anaingia Georgia Gilmore, mpishi. Miezi michache kabla ya mgomo, dereva alikuwa ameipokea nauli yake mlango wa mbele, akamwamuru ashuke akapandie mlango wa nyuma, kisha akaondoa basi na kumwacha barabarani. Gilmore akaapa kutopanda tena. Mgomo ulipoanza alikusanya wanawake wenzake, wengi wao wapishi na watumishi wa ndani katika nyumba za wazungu. Wakawa wanapika kuku, keki na pai, wanauza kwenye saluni, makanisani na mitaani. Fedha zilipelekwa kwenye mikutano ya hadhara kusaidia mafuta na magari yaliyokuwa yakibeba watu kwenda kazini. Kundi lao waliliita Club from Nowhere, yaani klabu isiyotoka popote, ili mtu akiuliza fedha zimetoka wapi, jibu liwe hilohilo na liwe la kweli. Mtumishi wa ndani ambaye bosi wake angejua kwamba anachangia mgomo angekuwa nje kesho yake. Gilmore mwenyewe alikubali kuonekana: Machi 1956 alisimama mahakamani kutoa ushahidi katika kesi ya King, aliyeshtakiwa kwa mgomo huo, na akapoteza kazi yake. Kwa kuhimizwa na King akageuza jiko la nyumbani kwake kuwa mgahawa, na viongozi wakawa wanakula na kufanya mikutano humo.

Mpaka hapa sina lawama. Hao walijificha kwa akili zao.

Claudette Colvin ni habari nyingine. Tarehe 2 Machi 1955, miezi tisa kabla ya Parks, binti huyu wa miaka 15 alikataa kuondoka kwenye kiti, polisi wakamburuta na kumtia pingu. Viongozi wa Montgomery walimpima wakaona hafai kuwa sura ya kesi: ni mtoto, ametoka mtaa wa maskini, ana hasira, na baadaye akapata mimba. Inatajwa pia sababu ya kisheria, kwamba baada ya rufaa lilibaki shtaka la kumshambulia polisi peke yake, lile la ubaguzi likafutwa. Sababu hiyo ni ya kweli. Lakini haielezi kwa nini hata baada ya ushindi hakuna aliyemtafuta.

Na ushindi wenyewe ulipatikanaje? Watu wengi hudhani mgomo ndio uliofuta ubaguzi ndani ya mabasi. Madai ya mwanzo ya mgomo hayakuomba hata kuufuta. Yaliomba adabu kutoka kwa madereva, madereva weusi katika njia za watu weusi, na utaratibu wa anayewahi ndiye anayekaa, weusi wakianzia nyuma na wazungu mbele. Kilichoufuta ni kesi ya Browder v. Gayle, iliyofunguliwa Februari 1956, na Parks hakuwa miongoni mwa waliofungua. Walikuwa Aurelia Browder, Susie McDonald aliyekuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 70, Mary Louise Smith aliyekamatwa Oktoba 1955 akiwa na miaka 18, na Colvin. Huyo msichana aliyeonekana hafai alitoa ushahidi Mei 1956, akiwa na mtoto mchanga nyumbani. Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu tarehe 13 Novemba. Colvin alihamia New York, akafanya kazi miaka mingi katika nyumba ya kutunzia wazee. Rekodi yake ya kukamatwa ilifutwa mwaka 2021.

Tabia hiyo haikuishia Montgomery. Katika maandamano ya Washington ya tarehe 28 Agosti 1963, Anna Arnold Hedgeman, mwanamke pekee katika kamati ya maandalizi, alilalamika kwa maandishi kwamba hakuna mwanamke aliyepangiwa hotuba kuu. Walichopewa ni kipindi kifupi cha kutambulishwa. Gloria Richardson, kiongozi wa harakati za Cambridge, Maryland, alisema aliposogea kwenye kipaza sauti alisalimu tu, kikaondolewa.

Sasa jina. Septima Clark alifundisha kwa miaka 40 hivi, akafukuzwa mwaka 1956 huko Charleston, South Carolina, kwa kukataa kujitoa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Haki yake ya pensheni nayo ikapotea. Alihamia Highlander, chuo cha mafunzo kilichokuwa milimani Tennessee, na Januari 1957 wakafungua darasa la kisomo cha watu wazima kwenye kisiwa cha Johns Island, kwa sababu sheria ya jimbo ilimtaka mpiga kura ajue kusoma kipande cha katiba. Mbele palikuwa duka la ushirika, darasa likawa chumba cha nyuma, wazungu wasishtuke. Mwalimu hawakumtafuta miongoni mwa walimu. Clark alimchagua ndugu yake, Bernice Robinson (hana undugu na yule wa Montgomery), msusi na mshonaji. Riziki yake ilitoka kwa wateja weusi pekee, hivyo hakuwa na bosi mzungu wa kumfukuza.

Alikwenda darasani na vitabu vya shule ya msingi, akaviweka kando mara moja, maana wanafunzi wake walikuwa watu wazima. Akawauliza wanataka kujua nini. Walitaka kuandika majina yao, kujaza fomu za kuagiza bidhaa na kutuma pesa kwa posta. Akafundisha hayo, huku Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Binadamu likiwa limebandikwa ukutani. Alitaka wamalize kozi wakiwa wanalisoma. Mbinu hiyo ilienea visiwani, na tangu 1961 ikachukuliwa na SCLC, chama cha King, chini ya Clark. Inakadiriwa ilitoa walimu wapatao 10,000 kusini kote. Hata hivyo Clark alisimulia kwamba Ralph Abernathy, mchungaji na msaidizi wa karibu wa King, alikuwa akiuliza vikaoni kwa nini mama huyu yumo kwenye halmashauri.

Bila vyumba vile vya nyuma, sheria ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965 ingewakuta watu wachache zaidi walio tayari kuitumia. Kwa hiyo, kama mna nafasi ya mtu mmoja tu, andikeni Bernice Robinson wa Charleston, msusi.