Muulize Dada wa Muvi: zile ambazo hazisemwi sana

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, kwamba hizi muvi zinazotajwa na kila mtu tumeshazimaliza, sasa tuangalie nini. Nimefurahi maana hapo ndo penyewe. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi sijasomea filamu popote, ni mtazamaji tu wa hapa Lindi, kwa hiyo ninachoandika ni maoni yangu na nayasimamia.

Shikamoo dada. Napenda filamu za kutisha ila nimechoka na zile za mlango kubamizwa halafu paka anaruka, unashtuka mara moja basi. Hakuna za kukufanya ulale taa ikiwaka? (Kijana wa Mikindani)

Marahaba mdogo wangu. Zipo, na nianze na Tumbbad, ya India, ya mwaka 2018. Najua ukisikia ya Kihindi unawaza steringi anaimba huku anapiga kundi zima la watu, hii siyo hiyo. Ni kijiji kimoja huko Maharashtra ambako mvua haikatiki, yaani muvi nzima imelowa, na kwenye nyumba moja kuna bibi kizee amefungwa minyororo, inabidi alishwe na abaki amelala, na akizinduka kuna jina moja tu ukilitaja ndo anatulia, Hastar. Huyo Hastar kwenye hadithi yao ni mtoto wa mungu aliyekuwa mroho, alichukua dhahabu yote akataka na nafaka akazuiwa, kwa hiyo ana mali tele ila ana njaa ya milele. Sasa binadamu wanaomfuata kumwibia sarafu wanaingia na mwanasesere wa unga uliokandwa, wanamtupia, na wakati anakula wao wanachota sarafu wanakimbia. Unga tu! Mimi pale baba anapomfundisha mwanawe namna ya kuingia na kutoka palinitisha kuliko lile zimwi lenyewe, maana unaona kabisa mtoto ameshaipata tamaa ya baba na ameanza kumzidi. Hofu ya namna hiyo haihitaji paka, unakuwa unawajua watu tabia zao na unaona wanakoelekea.

Ya pili ni His House ya 2020, aliyeiongoza ni Remi Weekes. Mume na mke, Bol na Rial, wamekimbia vita Sudan Kusini wamefika Uingereza, wamepewa nyumba kwa masharti, hakuna kufanya kazi, hakuna kuhama. Na kwenye kuta za hiyo nyumba kuna kitu. Lile swali tunalopiga kelele siku zote, si watoke tu humo ndani, hapa lina jibu, wakitoka wanaweza kurudishwa walikokimbia, na sijaona filamu nyingine iliyolijibu vizuri hivyo. Angalia pale kwenye chakula, mume anataka wale mezani kwa uma kama wenyeji, mke amezoea kukaa chini na kula kwa mkono, anamwambia kwa uma anachosikia mdomoni ni ladha ya chuma tu. Hapo hakuna mzimu wowote lakini mwili ulinisisimka. Anza na hii, Tumbbad iweke siku ya mvua usiku.

Habari dada, tuko chuo hapa Masasi, tuna simu yenye kamera nzuri tunataka kutengeneza filamu fupi ya mambo ya sayansi na miaka ijayo, ila kila mtu anatuambia bila hela za Marekani tutachekwa. Ni kweli? (Wanachuo wanne)

Sio kweli kabisa, na wanaowaambia hivyo hawajaona Coherence ya mwaka 2013. Mwongozaji James Ward Byrkit alitumia nyumba yake mwenyewe, waigizaji wanane, akapiga kwa usiku tano. Hakuwapa skripti nzima, kila siku kila mwigizaji anapewa maelekezo yake peke yake, hajui wenzake wameambiwa nini, kwa hiyo ule mshangao unaouona usoni mwao mwingi ni wa kweli. Stori ni marafiki wako kwenye chakula cha usiku, angani inapita kimondo chenye mkia, umeme unakatika, mtaa mzima giza isipokuwa nyumba moja tu huko mbele ina taa. Wawili wanaenda kuomba msaada, wanarudi na sanduku, kulifungua wanakuta picha zao wenyewe na nyuma ya kila picha pameandikwa namba. Siendelei. Ila hesabuni wenyewe, nyumba, meza, mishumaa, vijiti vya kung'aa vya rangi, nini hapo hakipatikani Masasi?

Kuna na The Man from Earth ya 2007, hiyo karibu yote iko sebuleni. Mwalimu wa chuo anahama, wenzake wanakuja kumuaga, wanamuuliza mbona unaondoka ghafla, anawaambia ameishi miaka 14,000. Basi, kuanzia hapo ni kuuliza na kujibu, mmoja ni wa bailojia, mwingine wa historia, kila mtu anambana kwa alichosomea, na wewe kwenye kiti chako unabadili msimamo kila baada ya dakika chache. Picha yake haina mvuto, nasema ukweli, lakini maneno yanatosha.

Na kabla hamjashika kamera tafuteni Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya 2009, dakika 21 tu. Ni miaka mingi baada ya vita vya maji, watu wa Afrika Mashariki wanaishi ndani hawatoki nje, mkojo na jasho vinasafishwa vinanywewa tena, na dada anayeitwa Asha anapata udongo ambao unaweza kuotesha mbegu. Kila kitu humo kinatoka kwenye wazo moja, kwamba maji yameisha, hata mazoezi wanafanya kwa sababu mashine zinazalisha umeme. Hicho ndo nataka mkishike, tafuteni swali moja mlifuate mpaka mwisho msiliache njiani. Watu watawatajia pia Primer ya 2004 kwa kuwa ilitengenezwa kwa dola 7,000 tu, naiheshimu lakini mimi sikuipenda, wanaongea kifundi mwanzo mwisho mpaka unakosa mtu wa kumhurumia. Halafu sauti jamani, rekodini sauti karibu na mdomo na muda ambao bodaboda zimetulia, mtazamaji anavumilia picha yenye giza ila maneno yasiyosikika anaondoka.

Dada, nina watoto watatu na mama mkwe anakaa na sisi, sebule ni hiyo hiyo moja. Nikiweka muvi yoyote dakika kumi hazipiti natafuta rimoti. Nisaidie. (Mama, Nachingwea)

Pole mwenzangu, ila hili nina jibu lake. Children of Heaven ya Majid Majidi, Iran, 1997. Hakuna hata kisehemu kimoja cha kukufanya utafute rimoti. Mtoto wa kiume Ali ametumwa kupeleka viatu vya mdogo wake Zahra kwa fundi, vinapotea wakati anachagua viazi dukani, na nyumbani hela hakuna, wanaogopa kumwambia baba. Wanakubaliana kuvaa raba za Ali kwa zamu, Zahra anasoma asubuhi, Ali anasoma mchana, kwa hiyo kila siku dada anatoka shule mbio, kaka anamsubiri uchochoroni, wanabadilishana, na yeye naye mbio. Shule zetu nyingi watoto wanaingia kwa zamu, mkwe wako ataelewa bila kutafsiriwa. Kuna pale raba inateleza kutoka mguuni mwa Zahra inaangukia mferejini inachukuliwa na maji, yeye anakimbia pembeni anaifukuzia, nawaambia hakuna filamu ya magari kukimbizana iliyowahi kunipa presha vile. Halafu kuna mashindano ya mbio ambayo zawadi ya mshindi wa tatu ni viatu. Wa tatu, sio wa kwanza. Watoto wako wacha wayaone wenyewe.

Ukimaliza hiyo weka Supa Modo ya Kenya, ya Likarion Wainaina, 2018, kuna Kiswahili humo. Jo ana miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona, ndoto yake ni kuwa na nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinajipanga kumfanya aamini anazo. Nakutahadharisha kwamba utalia na watoto watakuuliza maswali ya kifo, ila mimi naona bora waulize wakiwa na wewe na bibi yao.

Nipe moja tu ya kichawi isiyo ya Nigeria. (Mtama)

Yeelen, ya Souleymane Cissé wa Mali, 1987. Baba mchawi anamsaka mwanawe ili amuue, mtoto naye ana dawa zake. Inakwenda taratibu, hawaharakishi kitu, usiangalie huku unachati. Ilipata tuzo ya majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka huo huo.

Mwanangu, sisi tulikuwa tunakwenda sinema zamani. Hizi filamu za kwetu za sasa naona majumba ya kifahari na watu kuzabana makofi. Tanzania kweli hatuna za maana? (Mzee, Kilwa Kivinje)

Shikamoo mzee wangu. Tunazo, tatizo hazifiki huku kwetu na hilo linaniuma sana. Iko Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, fupi, kama nusu saa na kidogo. Mwanamke anaugua, hospitali imeshindwa, naye anaogopa kwenda kwa mganga wa jadi kwa sababu ya yaliyomtokea utotoni. Haimdhihaki daktari wala haimdhihaki mganga, na sisi wa kusini tuliokulia kati ya zahanati na kwa mganga tunajua jambo hilo ni zito kiasi gani.

Halafu Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, imetoka kwenye kitabu cha Adam Shafi. Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin ameozwa kwa mwanaume asiyemtaka, anatoroka, anakutana na Denge anayepigania uhuru. Tanzania iliipeleka kuwania Oscar, kama miaka 20 baada ya kupeleka filamu nyingine, Maangamizi, na bado ukiuliza vijana wengi hapa mjini hawaijui. Waliosoma kitabu wengine wananilalamikia kwamba mambo mengi yameachwa, ni kweli yameachwa, ila mimi naona alichofanya ni kumfuata zaidi Yasmin na kuacha taa na vivuli vya mji viongee, na ile rangi ya usiku kwenye vichochoro ni nzuri mno. Mzee wangu wewe miaka hiyo huenda unaikumbuka, tafadhali ukiipata niandikie kama nguo na mazungumzo yamekaa sawa.

Dada mambo, nina kibanda umiza huku Newala. Wateja wangu wanataka zilizotafsiriwa na maDJ tu, wasomi wananicheka. Na hizo zako naweza kuonyesha? (Mwenye banda)

Poa kaka. Wanaokucheka waache, kutafsiri muvi ukaipa utani wa nyumbani ni kazi, na kina Lufufu wamewafanya Watanzania wengi wapende sinema ambazo wasingezielewa. Uganda mtafsiri wa namna hiyo wanamwita VJ. Pale Wakaliga, Kampala, Nabwana I.G.G. alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa hela ndogo sana, bunduki za vyuma chakavu, na nakala iliyopo leo ina sauti ya VJ Emmie juu yake mwanzo mpaka mwisho, anawashangilia, anawatania, ukiitoa hiyo sauti muvi inapungua nusu. Wenyewe wameiweka YouTube.

Kwa hiyo anza na hiyo Ijumaa, wateja wako wataielewa siku hiyo hiyo. Wakishazoea, Jumamosi weka Tumbbad, mtafute DJ wako aiangalie yote kwanza kabla ya kuitafsiri, na mwambie kwenye zile sehemu za chini kwenye giza anyamaze kabisa aache mvua isikike. Fanya hivyo kwenye msimu wa korosho watu wakiwa na hela. Children of Heaven onyesha mchana kwa watoto, bei ya nusu.