Kina kimeongezeka, ushindi umepungua

Ndugu, unasema programu yako ya chesi ilikuwa inafika kina cha 9 (yaani inatazama hatua 9 mbele), ukaongeza mbinu tatu za kupogoa (kukata matawi ya hatua yanayoonekana hayana maana bila kuyachunguza yote) kwa mpigo, na sasa inafika 13 lakini inafungwa na toleo lake la zamani. Hicho kina cha kwenye skrini kisikudanganye. Huenda tawi lenye jibu ndilo ulilolikata.

Zima zote, kisha rudisha moja moja. Anza na ile ya kupitisha zamu (programu inajaribu kuacha zamu bila kucheza; ikiona hata hivyo hali yake ni nzuri mno, inakata tawi hilo), maana ina faida kubwa na mtego mkubwa. Panga ubao hivi: mweupe ana mfalme d5 na askari e4, mweusi ana mfalme f4 na askari e5. Mwenye zamu ndiye anayepoteza, kwa kuwa lazima amwache askari wake. Programu inayoruhusiwa kupita itaona mambo shwari kabisa! Kwa hiyo usipitishe zamu mfalme akiwa anashambuliwa, wala upande ukiwa umebaki na mfalme na askari tu, wala mara mbili mfululizo. Jaribio hilo la kupita hutazamwa kwa kina kifupi zaidi; punguzo la 2 au 3 linatosha kwa kuanzia.

Mbinu nyingine, kupunguza kina kwa hatua za mkiani mwa orodha ya hatua za kujaribiwa, inategemea mpangilio wa orodha yenyewe. Kama hatua nzuri za kula kete haziji mbele, usihangaike kuchezea namba za punguzo.

Halafu, kupima kama toleo jipya ni bora, mechi 100 hazitoshi. Makadirio yake huyumba karibu Elo 50 (pointi za kupima nguvu ya mchezaji) juu au chini. Cheza maelfu, za muda mfupi, kila ufunguzi kwa rangi zote mbili.