Kabla ya Kuuliza Nambari, Uliza Saa

Khalati yangu alianza kutetemeka Ijumaa alasiri, nyumbani kwake Majengo. Ana sukari, na alikuwa na kidonda mguuni akikiosha mwenyewe kwa maji ya chumvi. Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu ya kila siku ni damu za watu, kwa hivyo wanawe walinipigia simu mimi kwanza. Magharibi ile kipimo chake cha damu cha CRP kilitoka 18. Nikawaambia, "Haiko juu sana, tulieni." Akarudishwa nyumbani kwa tuktuk na vidonge vyake.

Maneno yale yananiuma hadi leo, kwa sababu ule ulikuwa mwanzo wa sepsisi, maambukizi yanapofika mahali pa kuhatarisha uhai.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili unapopambana na maambukizi. Imejulikana tangu 1930, ni rahisi, na karibu kila maabara mjini huipima. Lakini ini halikurupuki. Huchukua saa nne hadi sita kabla nambari haijaanza kupanda, na kilele chake huja baada ya siku moja na nusu au mbili. Khalati alitolewa damu saa tatu tu baada ya baridi kumshika. Ile 18 ilikuwa na maana moja, kwamba tumepima mapema, nami nikaisoma kama salama. Kesho yake asubuhi ilikuwa 240.

Alfajiri hiyo alikuwa akiwaita wajukuu kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufa, akihema kwa haraka, vidole baridi katikati ya joto la kaskazi. Mgonjwa akifika hapo, usingoje karatasi yoyote ya maabara. Mtu mwenye maambukizi anayehema mara 22 au zaidi kwa dakika, au nambari ya juu ya presha yake imeshuka hadi 100 au chini, au akili imemchanganyika: mawili kati ya hayo yakikutana, mkimbize hospitali. Yasipokutana pia usijihakikishie kuwa yuko salama, kama unamwona anazidi kudhoofika.

Tangu 2016 madaktari wameafikiana kuwa sepsisi ni pale mwitikio wa mwili dhidi ya maambukizi unapoanza kuviumiza viungo vyake wenyewe. Kwa hivyo ukitaka kujua uzito wa ugonjwa, tazama viungo: kreatinini kwa figo (hupanda zikishindwa kuchuja), bilirubini kwa ini (nayo hupanda likiumia), chembe sahani kwa kuganda kwa damu. Kreatinini ya khalati ilikuwa 212. Binti yake akatoa kwenye mfuko wa plastiki karatasi ya kliniki ya miezi minne nyuma, iliyoonyesha 80. Daktari akajua papo hapo kuwa figo zimeumia sasa, si jambo la miaka. Tafadhali, zitunzeni karatasi za zamani. Chembe sahani nazo zilikuwa zimeshuka, ila sisi wa Pwani tuwe waangalifu: malaria huzishusha, na dengi pia, ambayo Mombasa imekwisha kuiona zaidi ya mara moja. Kipimo cha malaria kifanywe hata kama chanzo cha homa kinaonekana kwa macho.

Sasa lakteti, kitu kinachotolewa na seli zikichoma sukari, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni eneo langu. Seli zikikosa oksijeni ya kutosha, au zikilemewa, lakteti hujaa kwenye damu. Ikizidi milimoli 2 kwa lita tunashtuka, na ikifika 4 ni dharura. Mgonjwa aliyekwisha kuongezewa maji, presha yake bado inashikiliwa na dawa, na lakteti imebaki juu ya 2, yuko kwenye hatari kubwa sana: katika takwimu za 2016, zaidi ya 40 kwa kila 100 wa namna hiyo walifia hospitalini.

Lakini damu haifi ikiingia kwenye kichupa. Chembe nyekundu huendelea kula sukari na kutoa lakteti humo humo, na joto letu huziharakisha. Nimewahi kupokea sampuli iliyokaa dirishani zaidi ya saa nzima. Nambari yake ilikuwa ya kutisha na mgonjwa ameketi anakunywa uji. Ndiyo maana tunataka kichupa cha kifuniko cha kijivu, chenye dawa ya kuzizuia, na kifike upesi, ikiwezekana kwenye barafu. Mwambieni daktari pia kama mgonjwa anatumia metformini, dawa ya sukari, kwa sababu figo zikiumia nayo inaweza kuchangia lakteti kupanda.

Na lakteti irudiwe kupimwa. Ya khalati ilianza 4.6. Baada ya saa mbili za maji na antibayotiki ya mshipa ikawa 3.1, usiku 1.7. Nilianza kupumua ile 3.1 ilipotoka, ingawa bado ilikuwa juu, kwa sababu ilikuwa inashuka. Mahali pasipo na mashine, bonyeza ncha ya kidole sekunde 10 uachie: rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, damu haifiki vizuri. Katika utafiti wa Amerika Kusini uliochapishwa 2019, wagonjwa waliofuatwa kwa kidole hawakufa zaidi ya waliofuatwa kwa lakteti.

Familia nyingi huambiwa pia zilipie prokalsitonini, kipimo kingine cha damu cha maambukizi, na bei yake si rahisi. Hupanda mapema kuliko CRP, lakini malaria kali, kuungua na upasuaji mkubwa huipandisha vilevile. Msikubali antibiotiki icheleweshwe kwa kuingoja. Sepsisi ikishukiwa sana na presha imeanguka, dawa iingie ndani ya saa moja. Faida kubwa ya prokalsitonini huja siku za baadaye, ikishuka, kumsaidia daktari kuamua dawa ikome lini.

Khalati alikaa siku kumi na moja, akapoteza vidole viwili vya mguu. Binti yake alikuwa akiandika nyuma ya kadi ya kliniki, kwa kalamu ya mtoto wa shule: saa mbili na robo damu imetolewa, saa mbili u nusu dawa imeingia, saa nne u nusu damu tena. Daktari wa zamu ya usiku alipofika, aliichukua kadi ile kwanza, kisha ndipo akaomba karatasi za maabara.