Maswali na Majibu: Je, Windows ya Kompyuta Yako Ina Leseni?

Maswali ya safari hii yametoka Dodoma mjini, Mpwapwa, Kongwa na Manyoni, na karibu yote yanazunguka jambo moja: mtu anayo kompyuta, inafanya kazi vizuri, lakini hana hakika kama Windows iliyomo ni halali. Nitangulize jambo ambalo majibu yote yanaliegemea. Kompyuta kuonyesha kwamba Windows imeamilishwa (kwa Kiingereza, activated) ni jambo moja, na mwenye kompyuta kuwa na leseni ni jambo jingine. La kwanza ni taarifa ya mashine, la pili ni haki ya kuitumia programu, nayo huthibitishwa kwa jinsi ilivyopatikana.

Swali: Nataka kununua kompyuta mpakato ya mtumba katika duka moja la mjini kati. Muuzaji ananiambia Windows yake ni orijino. Nitahakikishaje pale pale dukani kabla sijatoa hela? (Msomaji, Nkuhungu)

Omba kompyuta iwashwe na iunganishwe na intaneti, hata kama ni kwa bando la simu yako, kisha fungua Settings, ingia System, halafu Activation. Kwenye Windows 10 sehemu hiyo imo ndani ya Update & Security. Ukikuta maelezo kwamba imeamilishwa kwa leseni ya kidijitali, hiyo ni dalili njema, kwa sababu maana yake ni kwamba kumbukumbu za Microsoft zinaitambua mashine hiyo hiyo, hasa kwa ubao mama wake, yaani bamba kuu la saketi lililo ndani ya kompyuta. Ukikuta imeamilishwa kupitia huduma ya taasisi, usitoe hela kwanza. Muulize muuzaji ni taasisi gani hiyo na kwa nini huduma yake imo katika kompyuta inayouzwa dukani.

Baada ya hapo bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr, kisha bonyeza Enter. Kitatokea kisanduku kidogo chenye toleo la Windows na sentensi moja ya Kiingereza, ama ikisema mashine imeamilishwa kwa kudumu, ama ikitaja tarehe ambayo uamilisho utakwisha. Windows ya kawaida ya nyumbani au ya biashara ndogo haina tarehe ya kwisha, kwa hiyo ukiona tarehe, jua kuna jambo ambalo hujaambiwa.

Wapo wauzaji watakaoigeuza kompyuta na kukuonyesha stika ya Windows 7 iliyobanduka nusu, kama kwamba inamaliza ubishi. Haimalizi. Utaratibu wa kuhama bure kutoka Windows 7 na 8 kwenda Windows 10 ulifungwa rasmi tarehe 29 Julai 2016, na ingawa funguo za zamani (ufunguo ni msimbo wa herufi na tarakimu 25 wa kuamilishia Windows) ziliendelea kukubaliwa kwa miaka kadhaa baadaye, Microsoft iliuziba mwanya huo mwezi Septemba 2023. Kompyuta iliyohamishwa wakati ule bado ina leseni yake ya kidijitali, lakini ile inayohamishwa leo kwa ufunguo wa stika haina njia hiyo. Ukiridhika, dai risiti ya EFD iliyoandikwa aina ya kompyuta na, kama muuzaji yuko tayari, toleo la Windows lililomo. Muuzaji aliyekuwa anasema "orijino" kwa sauti kubwa mara nyingi hupunguza sauti anapoombwa kuliandika neno hilo.

Swali: Kwenye kona ya chini kulia ya kioo yametokea maandishi hafifu yanayonitaka niamilishe Windows. Je, kompyuta itazimika na kazi za wanafunzi kupotea? (Mwalimu, Mpwapwa)

Haitazimika, Mwalimu, na faili zako zitabaki zilipo. Utakachokosa ni baadhi ya mipangilio ya mwonekano, kama kubadilisha picha ya nyuma na rangi kupitia Settings. Hata hivyo maandishi hayo yanamaanisha kwamba Windows haijaamilishwa, hivyo usiyazoee. Anza kwa kuangalia kama kompyuta yako ilikuja na leseni kutoka kiwandani, jambo ninaloeleza katika jibu linalofuata.

Swali: Nina steshenari Ng'ong'ona, wateja wangu wengi ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Fundi alinipigia Windows kwenye kompyuta zote, zikaonyesha zimeamilishwa. Baada ya miezi kadhaa mbili zimeanza kudai kuamilishwa tena, na fundi anataka alipwe upya "kuirudisha". Tatizo ni nini? (Mfanyabiashara)

Unachokieleza kinafanana sana na uamilisho wa bandia unaoiga mfumo uitwao KMS. Mfumo wenyewe ni halali na umetengenezwa na Microsoft kwa ajili ya taasisi kubwa: taasisi huweka seva yake, yaani kompyuta moja ya kuzihudumia nyingine, kompyuta zake zikaamilishwa na seva hiyo bila kila moja kuwa na ufunguo wake, na seva haianzi kuziamilisha hadi zifike angalau 25. Uamilisho huo hudumu siku 180, na kompyuta hujaribu kuuhuisha kila baada ya siku 7. Steshenari yenye kompyuta chache haina seva ya namna hiyo, ila fundi ameingiza programu ndogo inayojifanya ndiyo seva. Programu hiyo ikifutwa na kinga ya virusi, siku zinahesabika hadi kuisha, na hapo ndipo fundi anapoitwa tena.

Hakikisha mwenyewe kwa kuandika slmgr /dlv katika kisanduku kile kile cha kitufe cha Windows na R. Patatokea dirisha lenye mistari mingi. Tafuta neno KMSCLIENT, kisha angalia mstari unaotaja muda uliobaki, ambao uamilisho ukiwa mpya huandikwa dakika 259200, yaani siku 180 kamili. Tazama pia anwani ya seva iliyotajwa. Ikiwa ni anwani inayoanza na 127, maana yake kompyuta inajiamilisha yenyewe, na huo ni ushahidi wa kutosha.

Linalonitia wasiwasi zaidi kuliko leseni ni usalama. Ili programu hizo zifanye kazi, mafundi wengi huzima kinga ya virusi au huiambia isikague baadhi ya folda. Fungua Windows Security, nenda kwenye mipangilio ya kinga ya virusi na uitazame orodha ya vilivyosamehewa kukaguliwa. Kama kuna folda usiyoijua, kinga yako imefungwa macho mahali hapo. Kwenye kompyuta hizo wanafunzi wanaombea mikopo ya elimu ya juu, wengine wanaomba kazi serikalini, na wote wanaandika nywila zao hapo.

Habari njema ni kwamba huenda tayari unayo leseni usiyoitumia. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kompyuta nyingi zilizotoka kiwandani na Windows huwa na ufunguo uliohifadhiwa ndani ya ubao mama. Fungua PowerShell, programu ya kuandikia amri iliyomo ndani ya Windows, na uandike (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey (bila nukta mwishoni). Zikitokea herufi na tarakimu 25, ufunguo upo. Mara nyingi kinachotokea ni kwamba kompyuta ilizaliwa na toleo la Home, fundi akapiga Pro kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye flashi yake, na ufunguo wa kiwandani ukakosa pa kufanya kazi. Nakili faili za kazi kwanza, pakua Windows kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, futa kila kitu na uisakinishe upya katika toleo lililo sawa na ufunguo. Ikifika kwenye intaneti itajiamilisha bila wewe kuandika chochote. Kisha badilisha nywila zako zote. Fundi usimlipe tena kwa kazi ile ile.

Swali: Nilinunua kwenye mnada kompyuta iliyokuwa ya ofisi. Ilikuwa imeamilishwa kwa jina la taasisi, sasa inasema haiwezi kuifikia seva. Si nimeinunua na kila kilichomo? (Msomaji, Kisasa)

Umenunua kompyuta, lakini leseni ya taasisi hukununua. Leseni za jumla hutolewa kwa taasisi kwa matumizi yake, na kompyuta ikishatoka kwenye mtandao wa ofisi haiwezi tena kuhuisha uamilisho wake. Jaribu kwanza amri ya PowerShell niliyompa mfanyabiashara wa Ng'ong'ona, kwa kuwa kompyuta za ofisi kwa kawaida hununuliwa zikiwa na ufunguo wa kiwandani, na huo hubaki na mashine.

Swali: Mtandaoni wanauza ufunguo wa Windows kwa bei ndogo mno kulinganisha na ya Microsoft, na rafiki yangu aliununua ukakubali. Ni halali? (Mwanafunzi, Dodoma)

Kukubali kwake hakuthibitishi uhalali. Nyingi ya funguo hizo zimechukuliwa kutoka kwenye leseni za jumla, ambapo ufunguo mmoja umeruhusiwa kuamilisha idadi fulani ya kompyuta, na Microsoft ikigundua matumizi mabaya huufunga. Muuzaji wakati huo hapatikani. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu.

Swali: Nimebadilisha ubao mama na Windows imedai kuamilishwa. Nimeipoteza? (Msomaji, Manyoni)

Inategemea. Leseni iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani imefungwa kwenye ubao mama ule wa kwanza. Ile uliyoinunua peke yake dukani inaweza kuhamishwa, na ni rahisi zaidi ikiwa uliiunganisha na akaunti yako ya Microsoft kabla ya kubadilisha.

Swali: Tumepewa kompyuta kumi za zamani za Windows 10, zimeamilishwa vizuri. Tumesikia Windows 10 imekwisha. Je, leseni imekufa? (Mjumbe wa kamati ya shule, Kongwa)

Leseni haijafa na kompyuta zitaendelea kuonyesha zimeamilishwa. Kilichokoma tarehe 14 Oktoba 2025 ni masasisho ya kawaida ya usalama. Ufunguo halali wa Windows 10 hukubaliwa na Windows 11 bila malipo, ila mashine nyingi za zamani hukwama kwenye masharti, hasa la kuwa na TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa iliyo kwenye orodha iliyoidhinishwa. Kwa kompyuta zitakazokwama, ningewashauri mweke Ubuntu au Linux nyingine nyepesi, yaani mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows: haina ufunguo, haidai kuamilishwa, na sheria inawaruhusu kuiweka kwenye mashine zote kumi. Jaribuni kwanza kwenye moja kwa kuiendesha kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, mkahakikishe printa ya shule inafanya kazi, kwa maana hapo ndipo huwa pana usumbufu.