Maulizo ya Seremala: Plaiwudi Hunywa Maji Ubavuni

Barua za mwezi huu karibu zote ni za plaiwudi. Mninga na mvule vimekuwa vya wenye nazo, na ubao wa futi nane kwa nne unapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo watu wameamua kujitengenezea wenyewe. Mimi nafurahi. Nimechagua barua nne, na ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kwa sababu inanigusa.

*Shikamoo mama fundi. Nilitengenezewa kabati la chini ya sinki kwa ile mbao ya kahawia inayong'aa, nikaambiwa ni marini bodi, haisikii maji. Haijatimiza mwaka, imevimba chini na ngozi inabanduka. Nimeibiwa? Na naweza kurekebisha mwenyewe? Drili ninayo, msumeno wa mkono upo. — Mama wa Watatu, Kigamboni*

Marahaba, mwanangu, na pole. Tuanze na hilo jina. Ile mbao ya kahawia au nyeusi inayong'aa pande zote mbili, ambayo madukani inaitwa marini bodi, aghalabu ni ya kumwagia zege. Ngozi yake iko pale ili zege lisinate, ubao ubandulike na kutumika tena kwenye nguzo nyingine. Plaiwudi ya mashua yenyewe ina kiwango chake cha ubora cha Uingereza, BS 1088, na huwa imepigwa muhuri. Kama muhuri huuoni, usilipie jina.

Kitu cha pili ni gundi. Plaiwudi ya ndani ya nyumba hugandishwa kwa gundi ya urea, na gundi hiyo hulegea ikikutana na unyevu na joto kwa muda mrefu. Ya nje hugandishwa kwa gundi ya fenoli: tazama ubavu wa ubao, utaona mistari ya kahawia iliyoiva kati ya tabaka na tabaka. Ukiwa na shaka, mwombe muuzaji kipande cha upana wa vidole viwili, kichemshe saa nne kwenye sufuria kuukuu, kianike hadi kikauke, kisha kichemshe tena saa nne. Kikifunguka kama kurasa za daftari, hicho si cha jikoni. Mimi hapa Ngamiani, Tanga, sianzi kabati la jikoni bila sufuria hiyo kuwa juu ya jiko la mkaa. Kwa hiyo kabla hujamwita fundi wako mwizi, zungumza naye. Huenda naye aliuziwa jina.

Lakini nataka unisikilize hapa hasa. Hata gundi iwe bora namna gani, kati ya tabaka za gundi kuna mti, na mti hunywa maji. Usoni hunywa taratibu. Ubavuni, nyuzi zimekatwa, ziko wazi kama mirija, hunywa haraka. Nililijua hili kwa uchungu. Mwaka 2004 nilimtengenezea shemeji yangu kabati la nguo, nyumba yao iko Raskazone, hatua chache kutoka baharini. Nilipaka rangi mbele na nyuma ikapendeza. Masika yakaja, milango ikagoma kufunga. Nilipanda kwenye kiti, nikapitisha kidole juu kabisa ya mlango, pale ambapo jicho halifiki. Palikuwa hapana rangi hata tone. Nyuzi zilikuwa zimesimama kama manyoya ya kifaranga aliyelowa, na ubao wa milimita 18 ulikuwa umenenepa hadi 21. Niliirudisha milango yote minne karakana, nikaitengeneza upya bila kumtoza senti.

Sasa rudi kwenye kabati lako. Ondoa vitu vyote, piga magoti, mulika kwa tochi ya simu pale bomba la maji machafu linapopita. Nina hakika utakuta tundu limekatwa na kuachwa vilevile, ubavu wake mweupe au umeshageuka mweusi. Kila tone linaloteleza kwenye bomba linaishia humo. Mahali pengine ni chini kabisa, ubao unapokanyaga sakafu unayoipiga deki kila siku.

Kurekebisha unaweza. Gonga ubao kwa mpini wa bisibisi ukianzia juu kushuka. Palipo pazima sauti ni kali, palipooza ni butu. Kata juu kidogo ya pale sauti inapobadilika. Acha kabati likauke kivulini penye upepo wiki mbili, usiharakishe kwa jua, litapinda. Kisha ziba kila ubavu: mkono wa kwanza wa rangi ya mafuta izimue nusu kwa nusu na tapentaini ili izame ndani, siku ya pili paka nzito, siku ya tatu paka nzito tena. Kwenye tundu la bomba brashi haiingii vizuri. Tumia mswaki mkuukuu, na kabla ya hapo zungushia msasa kwenye kidole ulainishe. Rudisha bomba, ziba mwanya kwa silikoni. Ile sehemu uliyokata chini usiirudishie ubao. Weka miguu ya plastiki ya sentimita 10, deki ipite chini.

*Mama fundi, rafu yangu ya vitabu imepinda katikati kama ngalawa. Nilitumia plaiwudi ya milimita 12, urefu sentimita 120. Niongeze skrubu? — Mwalimu, Muheza*

Skrubu hazitasaidia, mwalimu, maana ubao unapinda mbali na zilipo. Vitabu ni vizito kuliko watu wanavyodhani. Ukitoka milimita 12 kwenda 18, ukakamavu unaongezeka zaidi ya mara tatu. Ukipunguza urefu wa rafu kwa nusu, na vitabu vimepangwa vilevile, kupinda kunashuka hadi sehemu moja ya kumi na sita. Maana yake urefu wa rafu ndio wa kuushughulikia kwanza.

Ubao mmoja wa milimita 18 unakutosha. Ukate kwa urefu vipande vinne vya upana wa sentimita 28. Viwili vitoe kuta za sentimita 180, na mabaki ya kila kimoja yatoe rafu moja ya sentimita 63.5. Vingine viwili vitoe rafu tatu kila kimoja. Jumla umepata rafu nane na unahitaji sita, nafasi kati yake ni kama sentimita 34, faili linasimama. Na kwa kuwa umekata kwa urefu wa ubao, nyuzi za uso zinakwenda kwa urefu wa rafu, na huko ndiko ubao una nguvu. Mgongo weka plaiwudi ya milimita 6, uigandishe na kuipigilia pande zote. Bila mgongo kabati lote huyumba kama mlevi. Toboa kwa drili kabla ya kila skrubu, kaa mbali na kona angalau sentimita tatu, la sivyo matabaka yatapasuka ubavuni.

*Shikamoo. Nikikata plaiwudi, uso wa juu unachanika vipande vipande hata nikiweka msumeno mpya. Nakosea wapi? — Kijana wa Tabata*

Marahaba. Huenda unakata upande usiofaa. Msumeno wa mkono hukata ukisukuma chini, kwa hiyo uso mzuri uwe juu. Msumeno wa umeme wa kushika mkononi, ule wa duara, meno yake hupanda yakija juu, kwa hiyo uso mzuri ulale chini. Kabla ya kukata, pitisha kisu kikali kwenye mstari mara mbili, ukisindikiza na rula ya chuma, kisha bandika utepe wa karatasi wenye gundi juu ya mstari. Na ubao uegemee kitu pande zote mbili za mkato. Ukiuacha unaning'inia, mwisho utavunjika wenyewe na kuondoka na kipande cha uso.

*Mama, tumemtengenezea mtoto wetu mtarajiwa kitanda cha plaiwudi mpya. Chumba kina harufu inayowasha macho. Tukipake nini? — Baba Mtarajiwa, Morogoro*

Hongereni, na umefanya vyema kuuliza mapema. Harufu hiyo ni ya gesi iitwayo fomaldehaidi, inatoka kwenye gundi ya urea. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka mwaka 2004 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo si ya kuivumilia eti itaisha. Inatoka zaidi chumba kikiwa na joto na unyevu, na inatoka zaidi ubavuni, kwenye mikato na matundu ya skrubu.

Toa kitanda nje, barazani, kivulini. Kifungue skrubu zote. Kila kipande kipige msasa ukiwa umevaa barakoa, kisha paka vanishi mikono mitatu: uso, mgongo, bavu zote nne, na ndani ya matundu. Watu husahau upande wa chini wa chaga, pale godoro linapolala. Upake huo kwanza. Kiache hukohuko barazani wiki tatu au nne, maana vanishi nayo ina harufu yake. Siku ya kukirudisha, kifunikeni kwa shuka usiku kucha, asubuhi ingiza kichwa chini ya shuka uvute pumzi. Macho yakiwasha, kitoe tena, na mtoto alale na mama yake.