Jibu: Kuchezesha wazee bingo na tiba ya burudani ni kitu kimoja?

Habari ndugu. Umesema uko kwenye makao ya wazee huko Marekani, kazi yako ni kuwachezesha bingo, sasa bosi anakwambia usomee tiba ya burudani na wewe huoni tofauti iko wapi.

Tofauti ipo, tena kubwa. Cha kwanza angalia faili la mgonjwa, kuna lengo lake limeandikwa? Sisi tulio kwenye fani hii hatuanzi na mchezo, tunaanza na mtu, unampima anaweza nini na alipenda nini kabla hajaugua, unapanga, unafanya naye, halafu unapima tena. Mzee wa kiharusi nikimpa karata achanganye nataka ule mkono uliolegea ufanye kazi, ila akitaka tu kukaa na wenzake acheke hilo nalo ni lengo halali kabisa. Na akikataa muache, ukimlazimisha sio burudani tena.

Wala sio fani ya jana, Msalaba Mwekundu walishaendesha burudani kwenye hospitali za wanajeshi tangu vita ya kwanza ya dunia, na NCTRC, baraza la Marekani linalotoa cheti cha mtaalamu wa tiba ya burudani (CTRS), walianza 1981. Kwahiyo kabla hujalipa ada chuo chochote, ingia tovuti ya NCTRC ucheki digrii na fildi wanayotaka ndo ukae mtihani. Halafu uliza jimboni kwako, maana Utah na North Carolina wanadai na leseni.