Besi pasivu au aktivu? Angalia kwanza kebo yako inaingia wapi

Vijana wapiga besi wa hapa Kampala wakiniuliza wanunue gitaa gani, mara nyingi mioyo yao imeshaegemea aktivu, yaani besi yenye betri, badala ya pasivu isiyo nayo. Wameona kijumba cha betri nyuma ya gitaa la mpigaji wa bendi kubwa, wakaamini ile nguvu yote inatoka humo. Nami huwauliza: unapiga wapi, na kebo yako inachomekwa kwenye nini?

Wengi wetu tunapiga makanisani na kwenye kwanjula, siku binti anapomtambulisha mchumba kwao. Huko ukikuta ampu, yaani kikuza sauti, ya besi, shukuru. Kebo inatoka kwenye gitaa, inapita chini ya mkeka hadi kwa fundi sauti mwisho wa hema, inaingia moja kwa moja kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti.

Besi pasivu haina umeme wa kuisaidia. Uzi ukitikisika juu ya pikapu, kile kinasa sauti chenye sumaku chini ya nyuzi, umeme mdogo unazaliwa kwenye waya uliozungushwa kwenye sumaku hiyo, unapita kwenye volyumu na toni, unatoka. Umeme huo ni mnyonge na una ukinzani mkubwa. Kebo ikiwa ndefu, sauti za juu zinapotea njiani. Zikifika kwenye tundu la laini la mikisa, lile la vyombo vyenye umeme wa nguvu zaidi, ambalo mara nyingi lina ukinzani wa kilo-omu 10 hivi, zinanyonywa tena, maana gitaa la namna hii linataka tundu la karibu megaomu 1. Besi inasikika kama imefunikwa blanketi, na lawama zote zinaliangukia gitaa.

Aktivu ina priampu, kikuza sauti kidogo, tumboni inayotumia betri ya volti 9. Inapunguza ule ukinzani, kwa hiyo kebo ndefu haiisumbui sana, na nobu zake zinaweza kuongeza sauti za chini au za juu. Toni ya pasivu inajua kukata sauti za juu tu. Kampuni ya magitaa ya Music Man ilitoa StingRay, besi aktivu ya kiwandani, mwaka 1976, na nyuma ya kampuni hiyo alikuwepo Leo Fender, mtengenezaji magitaa, yule yule aliyeleta besi ya Precision mwaka 1951, ambayo ni pasivu. Kwa hiyo tusidharauliane. Mpiga besi James Jamerson alipiga nyimbo za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, kwa Precision ya 1962 isiyo na betri hata moja, na besi ile inasikika vizuri hadi leo.

Ushauri wangu kwa anayeanza: nunua pasivu iliyo imara, halafu weka akiba ya kununua kisanduku cha DI, kinachounganisha gitaa na mikisa, kile cha aktivu. Kinatumia volti 48 za mikisa yenyewe, au betri yake, na tundu lake linaipa besi ukinzani inaoutaka. Kiweke karibu na miguu yako, kebo fupi ya gitaa iingie hapo, kisha waya wa maikrofoni uendelee hadi kwa fundi hata kama yuko mbali. Lile blanketi linaondoka. Siku ukikuta ampu nzuri, gitaa lako bado ni lile lile.

Aktivu naipendekeza kwa anayepiga kila wiki, na ambaye usiku mmoja anatoka Injili anaingia lingala kisha rege, akihitaji kubadili sauti bila kumpigia fundi kelele. Ila ajue tabia ya betri. Kwenye magitaa mengi, jeki ikiingia, priampu inawaka, hata kama hupigi. Nimeona besi iliyoachwa na kebo tangu mazoezi ya Jumamosi. Ibada ya kwanza Jumapili, noti nzito zikaanza kukwaruza, hasa uzi wa E ukipigwa kwa nguvu, sauti ikafifia, ikakata katikati ya sifa. Mpigaji akanigeukia: "Kaka, spika imepasuka?" Spika ilikuwa nzima. Chomoa jeki kila unapomaliza, tembea na betri ya akiba ya alkali, na usinunue aktivu isiyo na swichi ya kuirudisha pasivu. Swichi hiyo ndiyo ingeokoa ibada ile.

Kuna wanaokimbilia aktivu kwa sababu ya muungurumo wa jenereta. Hapo tafuta chanzo kwenye ethi, waya wa umeme unaokwenda ardhini, na kwenye pikapu. Precision za tangu 1957 zina pikapu iliyogawanywa vipande viwili, na muungurumo unajifuta wenyewe. Kwenye Jazz Bass, besi nyingine ya Fender yenye pikapu mbili, fungua volyumu zote mbili sawasawa, utasikia unapungua.

Dukani, beba kebo yako mwenyewe. Ukijaribu aktivu, weka nobu zake zote katikati, kisha izime ibaki pasivu. Kama bila priampu sauti inachakaa kabisa, au swichi inapiga mlio mkali, acha hilo gitaa. Fungua pia kijumba cha betri: ukiona kutu ya kijani kwenye vishikizo, betri iliwahi kuvujia humo, na kazi ya lehemu inakusubiri kabla hujapiga noti ya kwanza.